Kamera ndogo ya 2009 na simu ya leo: namna ya kuzipatanisha

Nikiitoa kamera yangu mfukoni kwenye sherehe, haipiti muda kabla sijaulizwa, "Kaka, hiyo unauza?" Siuzi. Ni Canon PowerShot A480 ya mwaka 2009, megapikseli 10, inakula betri mbili za AA kama rimoti ya tivii. Niliipata Kariakoo ikiwa na mikwaruzo mgongoni na kamba ya mkononi imekatika. Kazi za malipo nazipiga na kamera kubwa, lakini picha ambazo watu wananidai hadi usiku wa manane ni za hii ndogo.

Swali la pili huwa: "Sasa picha zinafikaje kwenye simu?" Maana haina Wi-Fi wala Bluetooth. Tuanzie dukani.

Hatua ya 1: Ikague kabla hujatoa hela

Nenda na betri mpya na kadi yako mwenyewe. Fungua kwanza kifuniko cha betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vile vibati, betri iliwahi kuvuja humo, na bei inabidi ishuke au uondoke. Iwashe usikilize lenzi ikitoka: isisite, isikwaruze. Kisha piga ukuta mweupe mara mbili na uzikuze picha kwenye skrini. Doa linalokaa palepale kwenye picha zote mbili huenda ni vumbi la ndani, na hilo hulitoi kwa kitambaa. Piga na flashi pia. Muuzaji akikwambia flashi ni nzima ila betri ndiyo imechoka, mpe zako zile mpya.

Hatua ya 2: Kadi na betri

Hapa ndipo wengi wanapoteza hela. Wananunua kadi ya GB 64 au 128 kisha kamera inaikataa. Kadi za ukubwa huo ni SDXC, na kamera za umri huu hazizijui. Tafuta iliyoandikwa SDHC, kati ya GB 4 na 32. Kama kamera yako ni ya kabla ya 2006, huenda ikaishia kwenye SD ya kawaida ya GB 2. Mimi natumia GB 8. Picha moja ni kama MB 3, kwa hiyo hata harusi ya siku tatu haiijazi. Kadi ikiwa ngeni, ifomati (yaani ifute yote na kuiandaa upya) ndani ya kamera yenyewe.

Betri za bei chee zitakuangusha kabla keki haijakatwa. Nunua za kuchaji aina ya NiMH, jozi mbili: moja kazini, nyingine mfukoni.

Hatua ya 3: Rekebisha tarehe

Kamera iliyokaa muda mrefu bila betri husahau tarehe. Niliwahi kumhamishia shangazi picha 80 za kitchen party, akanipigia asubuhi: "Mwanangu, mbona sioni hata moja?" Zilikuwepo. Galari ya simu hupanga kwa tarehe iliyoandikwa na kamera, kwa hiyo zote zilikuwa zimejipanga kule chini kabisa, mwaka 2009. Dakika moja kwenye menyu ingeniokolea simu ile.

Hatua ya 4: Kupiga

Kamera hizi si simu, ukibonyeza ghafla unapata ukungu. Bonyeza kitufe nusu, subiri kisanduku kigeuke kijani na mlio ulie mara mbili, ndipo umalizie. Na angalia kidole: flashi iko pembeni tu ya lenzi, ni rahisi kuiziba.

Ile sura ya kizamani watu wanayoitafuta inatokana na flashi ya moja kwa moja kwenye giza. Usiku iwashe kwa lazima, usiiachie kamera iamue. Simama mita moja na nusu hadi tatu. Ukisogea karibu zaidi, paji la uso linang'aa kama limepakwa mafuta. Waondoe watu ukutani, hatua mbili mbele, la sivyo kila mmoja anakuwa na kivuli chake cheusi nyuma.

Mchana shida ni nyingine. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona mwanga mwingi na kuupunguza, uso unazama. Weka hali ya P, bonyeza FUNC./SET, tafuta alama ya ±, ile ya mwangaza, na upandishe hadi +2/3. Ukuta utaungua kidogo, lakini hakuna aliyekuja kuangalia ukuta.

Hatua ya 5: Kuhamisha

Nunua kadi rida, kile kifaa cha kusomea kadi, yenye kichwa cha USB-C. Inatosha kwa Android nyingi na kwa iPhone kuanzia 15. Iliyo ya nyuma ya hapo inataka ya Lightning. Zima kamera, toa kadi, chomeka. Simu isipoonyesha kitu, usikimbilie kusema kadi imekufa: kwenye OPPO, vivo na realme mara nyingi lazima uwashe OTG (inayoiwezesha simu kusoma vifaa vinavyochomekwa) kwenye mipangilio, na hujizima yenyewe ikikaa dakika kama kumi bila kazi.

Kwenye Android fungua programu ya faili, ingia kwenye kadi, folda ya DCIM, kisha 100CANON. Chagua zote, nakili, bandika kwenye folda mpya ndani ya simu. Nakili, usihamishe: waya ukichomoka katikati, za kwenye kadi zinabaki salama. Kwenye iPhone fungua programu ya Picha, utaona sehemu ya kuingiza.

Simu ikikwambia kadi ina hitilafu na kukuomba uifomati, kataa. Mimi nilikubali mara moja, nimechoka, saa nane usiku, na send-off ya binamu yangu ikaishia hapo. Siku hizi naichomoa, navifuta vibati vyake kwa kitambaa kikavu, najaribu tena. Ikigoma, naipeleka kwenye kompyuta.

Hatua ya 6: Kutuma

Ukituma kama picha ya kawaida WhatsApp, inabanwa na ile chengachenga nzuri ya kamera inageuka matope. Gusa alama ya kuambatisha, chagua Hati, halafu chagua faili zako. Bando litaliwa zaidi. Mkiwa meza moja, tumieni Quick Share (Android) au AirDrop (iPhone), haigusi bando.

Hesabu picha za kwenye simu na za kwenye kadi. Fungua mbili tatu uone kama zinafunguka. Zikilingana, rudisha kadi kwenye kamera na uifomati humo humo. Kama hutaipiga tena wiki hii, toa betri, zisije zikavujia ndani.