Kabla ya Kufungua Atomic 4: Mambo ya Kuzingatia kwa Anayetaka Kuifufua kwa Vipuri vya Asili

Mtu anayenunua mashua ya tanga ya zamani, iliyojengwa Marekani au Kanada katika miaka ya 1960 na 1970, mara nyingi hukuta chini ya ngazi ya kushukia chumbani injini ndogo ya petroli iitwayo Atomic 4. Injini hii ilitengenezwa na kampuni ya Universal ya Oshkosh, jimbo la Wisconsin, kuanzia mwaka 1947 hadi 1984, na zaidi ya 40,000 zilitoka kiwandani; ndiyo iliyofungwa katika mashua za aina ya Pearson Triton, katika Catalina 30 za mwanzo na katika mashua nyingi za kiwanda cha C&C cha Kanada. Ina silinda nne zenye ujazo wa jumla wa sentimita za ujazo 1,056 hivi, na hutoa nguvu za farasi 30 inapozunguka mara 3,500 kwa dakika. Kuifufua kunawezekana kabisa hadi leo. Hata hivyo, zimo nyingi ambazo zingepona lakini zikaishia kwenye chuma chakavu kwa sababu mwenye mashua alishika spana kabla ya kuamua anataka kuhifadhi nini hasa, na uamuzi huo ndio unaotangulia mengine yote.

Neno "asili" halina uzito sawa kwa kila kipuri. Bloku, hedi, krenkishafti, manifoldi ya moshi na gia ya kurudi nyuma ndiyo injini yenyewe, na hivyo vinastahili kutunzwa hata kama itachukua miezi. Vitu vya mpira, kamba za kuzibia na gasketi ni habari nyingine. Kiwambo cha pampu ya petroli kilichokaa ndani ya boksi lake la kiwandani tangu miaka ya 1970 ni cha asili bila shaka, lakini mpira huzeeka hata ukiwa kabatini, na petroli ya Marekani ya siku hizi huchanganywa na ethanoli, ambayo hushambulia mpira wa zamani na kuvuta maji. Kwa hiyo sioni dhambi yoyote katika kununua kiwambo kipya kilichotengenezwa kwa vipimo vilevile. Kampuni ya Moyer Marine imejijengea jina kwa kutengeneza na kuuza vipuri vya aina hiyo hasa kwa ajili ya injini hii, na ni vyema kupitia orodha ya namna hiyo kabla ya kuanza kuwinda vipuri vilivyotumika.

Kabla ya kuagiza chochote, ni lazima kujua injini iliyopo ni ya kizazi kipi. Zipo za mwanzo na zipo za baadaye, na ingawa kwa mbali zinafanana, baadhi ya vipuri vya nje, kikiwemo kile kinachoendesha pampu ya maji, havibadilishani. Namba ya injini isomwe kwenye kibao chake, inakiliwe, kisha injini ipigwe picha kila upande ikiwa bado imefungwa mahali pake, pamoja na kila waya na kila mpira wa maji. Inafaa pia kukumbuka kwamba mikono mingi imeshapita humo katika miaka 50, na kilichopo si lazima kiwe kile kilichotoka Oshkosh.

Hatua inayorukwa zaidi ni kuipima injini ikiwa bado nzima. Kwanza izungushwe taratibu kwa mkono, plagi zikiwa zimetolewa. Ikiwa imekwama, stata isitumike kamwe kuilazimisha. Mafuta mepesi ya kulegeza kutu yamiminwe kupitia matundu ya plagi na kuachwa siku kadhaa, yakiongezwa kila yanapokauka. Ikizunguka, mgandamizo upimwe silinda moja baada ya nyingine. Injini iliyo nzima husoma karibu pauni 100 kwa inchi ya mraba, na kulingana kwa silinda zote nne kuna maana kubwa kuliko ukubwa wa namba yenyewe.

Hapa pana jambo linalofaa kuelezwa kwa kina. Valvu za Atomic 4 hazikai juu ya pistoni, bali zimesimama kando ya silinda, na midomo yake imetazama juu. Maji ya chumvi yakirudi kupitia njia ya moshi, hutua moja kwa moja juu ya valvu, yanaingia kwenye shina lake, na baada ya majira ya baridi moja tu ambamo mashua haikutumika, valvu inabaki wazi. Kipimo kitaonyesha sifuri kwenye silinda hiyo, na fundi asiyeifahamu injini hii atahukumu kwamba ringi zimekwisha. Kumbe pengine inatosha kufungua kifuniko cha pembeni, kumwagia shina mafuta, na kuligongagonga polepole hadi valvu ianze kucheza tena. Anayelijua hili mapema huokoa hedi ising'olewe bure.

Kung'oa hedi ndiko kunakovunja mioyo ya watu. Stadi zinazoishikilia, yaani bolti zisizo na kichwa ambazo hukazwa kwa nati, zimekaa miongo mingi karibu na maji ya bahari, zimeshikana na chuma cha kusubu kana kwamba zilizaliwa pamoja, na hukatika zikiguswa kwa nguvu. Asianze kazi hii mtu ambaye bado hana stadi mpya mkononi, kifaa cha kutolea zilizokatika, chanzo cha joto, na karakana ya kukereza vyuma iliyokubali kumsaidia itakapokatika moja ndani kabisa. Wakati wa kurudisha, nati hukazwa kwa awamu hadi futi-pauni 35, kwa hiyo spana ya kupimia nguvu ni ya lazima. Spana nyingine zote ziwe za inchi.

Kwa kuwa injini nyingi za aina hii zilipozwa kwa maji ya bahari yenyewe, mashaka makubwa yamo ndani ya njia za maji. Ubavuni mwa bloku kuna bamba jembamba la chuma lililoshikiliwa kwa bolti, nalo hutoboka mapema. Ningeshauri lifunguliwe kabla ya kutumia fedha yoyote, maana kupitia hapo mtu ataona kwa macho na tochi kiasi cha kutu kilichojazana kuzunguka silinda. Manifoldi na bloku vijaribiwe kwa shinikizo. Bloku iliyopasuka kwa barafu, baada ya mtu kusahau kumwaga maji kabla ya baridi, hubadilisha mpango wote, na ni afadhali kulijua hilo kabla ya kununua pistoni.

Gasketi za zamani na vitambaa vilivyozungushiwa bomba la moshi vinaweza kuwa na asbestosi. Visikwaruzwe vikiwa vikavu, wala visipulizwe kwa hewa ya kompresa. Vilowanishwe, barakoa inayofaa ivaliwe, na mabaki yafungwe ndani ya mfuko.

Suala la petroli halina nafasi ya majadiliano. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kutulia kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya mashua, ukingoja cheche. Kwa sababu hiyo stata, alteneta na distributa ziwe za baharini, zilizoundwa zisitoe cheche nje, hata kama za gari zinaingia bila shida na bei yake ni ndogo. Kabureta nayo iwe na kizuia moto kwenye mdomo wake. Feni ya kutolea hewa ngamani ifanye kazi kabla injini haijarudishwa, nayo iwashwe angalau dakika 4 kabla ya kila jaribio, kisha mtu anuse kwa pua yake mwenyewe. Anayetaka kuweka pampu ya petroli ya umeme aiunganishe na swichi inayoikatia umeme shinikizo la oili likipotea.

Waya za plagi ziwekewe alama kabla ya kutolewa. Silinda namba 1 ni ile iliyo upande wa gurudumu zito la injini (flywheel), ambalo liko mbele, na mpangilio wa kuwaka ni 1-2-4-3, si 1-3-4-2 uliozoeleka kwenye magari mengi. Mkono uliozoea magari utakosea hapa. Oili hutolewa kwa pampu ndogo kupitia tundu la kijiti cha kupimia, kwa kuwa chini ya injini hakuna nafasi ya kupitisha chombo.

Mwisho, jaribio la kwanza lisitegemee tangi la mashua, ambalo pengine limebeba petroli ya miaka iliyopita na matope yake. Liandaliwe dumu dogo lenye petroli mpya na chujio lake, likiwa limefungwa imara. Ikiwa mashua ina kizimamlio cha maji kwenye njia ya moshi, valvu ya kuingizia maji ya bahari ibaki imefungwa muda wote stata inapozungushwa bila injini kuwaka, kwa sababu hakuna nguvu ya moshi ya kuyasukuma maji nje, nayo yatapanda hadi kwenye valvu zilezile zilizosafishwa. Ifunguliwe mara tu injini inaposhika.