Perege wako wananenepa au wanarefuka tu?
Wenye mabwawa na nyie mnaonunua samaki Hombolo au Mtera, urefu usiwadanganye. Samaki akirefuka mara mbili uzito unapanda karibu mara nane, yaani perege wa sentimita 10 mwenye gramu 18 akifika sentimita 20 anatakiwa acheze kwenye gramu 144 hivi. Sasa chukua rula na mzani wa jikoni, gramu zidisha kwa 100 halafu gawa kwa urefu mara urefu mara urefu, huyo anakupa 1.8. Pima tena mwezi ujao, namba hiyo ikishuka hadi 1.4 ujue njaa inawapiga, labda wamejazana. Kambale usimlinganishe na perege, yule mwembamba kwa asili, na jike mwenye mayai atakuzingua hesabu.