Mchore shujaa kabla hajapata nguvu

Gemu yangu ya kwanza niliianzia mwisho. Nilimchora shujaa ameshakamilika: deraya kifuani, upanga unaowaka, mabawa mgongoni. Wiki tatu zikaisha hapo. Kisha mwenzangu anayeandika programu akauliza, "Sasa huyu akianza anakuwaje?" Nikamvua mabawa, nikamvua deraya, nikabaki na mtu asiye na lolote la kumtambulisha. Nguvu zake zote zilikuwa mavazi.

Siku hizi naanza na karatasi moja yenye safu mbili, hadithi kushoto na picha kulia, na ninazijaza pamoja. Kwa kila nguvu naandika mambo matatu: anaweza nini sasa, amelipa nini, na mwilini kumebadilika nini. Jambo la pili likikosekana, hiyo ni zawadi tu na hadithi haijasogea. La tatu likikosekana, mchoraji hana cha kuchora.

Chukua gemu ninayoitengeneza sasa. Binti anashuka kwenye shimo refu kumtafuta mdogo wake, na mali yake ni kamba. Kila nguvu anayopata ni fundo kwenye kamba hiyo. La kwanza humwezesha kuvuta vitu vya mbali, la pili kubembea, la tatu kumfunga adui. Lakini fundo hula kamba. Anavyozidi kuwa na nguvu ndivyo kamba inavyofupika, na mdogo wake yuko chini kabisa. Sikuhitaji kubuni mgogoro mwingine. Bei ya nguvu ndiyo ilinipa hadithi.

Ukishapata bei, chora vivuli, yaani umbo la nje tu la mhusika. Kila kimoja kisizidi kidole gumba, ukijaze weusi mtupu, usiguse sura wala nguo. Mimi huchora ishirini kwa kila hatua ya mhusika, nikachagua kimoja kimoja. Kisha mpe mtu asiyeijua hadithi avipange kuanzia dhaifu hadi mwenye nguvu. Wa kwangu alivipanga kinyume! Binti wa mwanzo alikuwa na mizunguko mingi ya kamba begani, akaonekana mpana kama askari. Wa baadaye, mwenye kamba fupi, akaonekana mnyonge. Kamba sikuigusa. Nilibadilisha mkao: mwanzoni ameinama, shingo imebanwa na uzito; baadaye amenyooka, kiwiko kimetoka nje, fundo liko kwenye kifundo cha mkono. Jaribio la pili halikuwa na utata.

Mfano ninaourudia kila mara ni Journey, gemu ya mwaka 2012. Skafu ya msafiri ndiyo kipimo cha uwezo wake wa kuruka. Ikirefuka unapaa zaidi, na ikiraruliwa unasikia uchungu bila kusoma namba yoyote kwenye skrini.

Namba nazo zina mtego wake. Tuseme pigo lako linaondoa 10 na adui ana uhai 30: anaanguka kwa mapigo matatu. Ukiongeza pigo liwe 15 na maadui wote wakawa na 45, bado ni matatu. Mchezaji amepanda daraja na mkono wake haujahisi kitu. Kwa hiyo mrudishe adui wa mwanzo akiwa na 30 yake ileile, aanguke kwa mapigo mawili. Vilevile, muonyeshe mchezaji ukingo asioweza kuufikia kabla hujampa fundo la kubembea. Aupite, autamani, aukumbuke.

Rangi ziache nyuma. Nachora kwanza kwa viwango vitatu vya kijivu, halafu rangi moja naitunzia nguvu peke yake. Kwangu nyekundu ipo kwenye mafundo tu.

Karatasi ya kumpa anayeunda mwili wa mhusika iwe na mbele, ubavu na mgongo, mhusika akiwa kando ya mlango ili kimo kionekane, na picha ya karibu ya kitu kinachobeba nguvu. Hapa usichore kwa kukisia. Nilijifunga kamba ya kweli mkononi nikapiga picha, na nikaona fundo likikazwa linavuta mkono wa shati juu na kuacha mikunjo mitatu midogo. Mikunjo hiyo imeingia kwenye gemu.

Kamba hiyo ya kweli ilinipa pia picha ya mwisho. Ili amfikie mdogo wake, binti anafungua mafundo yote, kamba inarudi begani, lakini imepinda kila mahali ilipokuwa imefungwa. Picha ya namna hiyo ichore mapema, mara tu baada ya ile ya mwanzo. Zibandike mbili hizo ukutani, kisha ndipo uanze kujaza za katikati.