Namna ya Kusoma Tafiti za Losatani kwa Ugonjwa wa Marfan

Mzazi wa Kirumba au Igoma, jijini Mwanza, aliyeambiwa kwamba mwanawe, kijana mrefu mwenye vidole vyembamba na macho yanayomsumbua, ana ugonjwa wa Marfan, akiingia mtandaoni atakuta habari zinazopingana: moja itamwambia kwamba losatani, dawa ya presha, huukinga mshipa mkuu wa moyo, na nyingine kwamba haizidi dawa ya zamani. Zote mbili zinaweza kuwa za kweli, ukijua namna ya kuzisoma.

Anza kwa kujua kinachotibiwa. Ugonjwa huu wa kurithi, unaokadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 5,000, hutokana na hitilafu katika jeni ya FBN1, inayotengeneza fibrilini, protini inayoshikilia tishu kama nyuzi zinavyoushikilia wavu wa dagaa. Nyuzi zikiwa dhaifu, aota, yaani mshipa mkubwa utoao damu moyoni, hutanuka polepole hapo inapoanzia, na ikitanuka mno huweza kuchanika. Kwa hiyo kinachopimwa katika tafiti hizi hasa ni kasi ya kutanuka kwa aota, wala si kushuka kwa presha.

Kisha tazama nani aliyepewa dawa. Mwaka 2006, kundi la Hal Dietz wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, lilionyesha kwamba losatani ilizuia aota isitanuke katika panya wenye hitilafu hiyo. Matumaini yalipanda sana, pengine kupita kiasi, maana panya ni panya.

Swali lenye uzito kuliko yote ni hili: dawa ililinganishwa na nini? Utafiti wa Uholanzi wa 2013, wenye watu wazima 233, uliiongeza losatani juu ya matibabu waliyokuwa nayo, na aota zao zikatanuka kwa kasi ndogo kuliko za wenzao wasioongezewa. Ule wa Marekani wa 2014, wenye watoto na vijana 608, uliilinganisha na atenololi, dawa ya zamani inayotuliza mapigo ya moyo, na baada ya miaka 3 tofauti haikuonekana. Msomaji wa haraka husema losatani ilishindwa. Aliye makini huona kwamba ilikwenda sambamba na dawa iliyokwisha kuzoeleka. Uchambuzi wa 2022 uliounganisha majaribio kadhaa ulikuta kwamba, kwa wagonjwa ambao aota zao hazijafanyiwa upasuaji, dawa za jamii ya losatani zilipunguza kasi ya kutanuka kwa takriban nusu, zikilinganishwa na kutozitumia.

Ukienda kliniki ya moyo, iwe Bugando au kwingine, beba vipimo vyote vya eko, yaani picha za moyo zinazopigwa kwa mawimbi ya sauti, vya mtoto pamoja na tarehe zake, kwa sababu namba moja haionyeshi kasi. Uliza kama atumie dawa moja au zote mbili kwa pamoja. Usimgawie vidonge vya presha vya bibi yake, hata kama jina ni lilelile, kwani kipimo cha mtoto hupangwa na daktari. Binti aliye mjamzito, au anayetarajia kubeba mimba, amweleze daktari mapema, kwa kuwa losatani humdhuru mtoto aliye tumboni.