Jinsi ya kutumia saa janja na simu kufuatilia hali yako unapotibiwa saratani ya damu

Mama yangu mdogo, ambaye anaishi Pasua mjini Moshi na anatibiwa limfoma, saratani ya damu inayoanzia kwenye tezi, alipoletewa saa janja na mwanawe, jambo la kwanza aliloniuliza ni kama saa hiyo ingemwambia iwapo ugonjwa unarudi. Haiwezi, na ni vyema kulijua hilo kabla ya kutoa fedha, kwa sababu saa haihesabu chembe nyeupe wala haioni tezi iliyovimba. Kazi hiyo ni ya maabara na ya daktari. Inachoweza ni kukuonyesha namna mwili wako unavyobadilika katika zile wiki mbili au tatu za kati ya kliniki na kliniki, na kwa mgonjwa anayesafiri kutoka Rombo au Karatu, wiki hizo ni ndefu sana.

Kabla ya saa, nunua kipimajoto cha kidijitali. Dawa nyingi za kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, hushusha chembe nyeupe zinazopigana na maambukizi kufikia kiwango cha chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, na katika siku hizo maambukizi yanaweza kuhatarisha maisha kwa saa chache tu, huku homa ikiwa dalili pekee unayoiona. Pima joto asubuhi na jioni, na kila unapohisi baridi au kutetemeka. Saa zinazoonyesha joto husoma ngozi ya mkono, ambayo hubadilika kwa upepo wa Mlima Kilimanjaro na kwa blanketi, kwa hiyo usizitegemee hata kidogo katika jambo hili. Usimeze panadoli kabla ya kupima, maana itaficha homa.

Baada ya hapo, vaa saa kwa siku saba mfululizo, usiku na mchana, ikiwezekana kabla ya dripu ya kwanza, ili uijue kawaida yako. Namba ya mtu mwingine haikusaidii. Hata zile hatua 10,000 ambazo saa nyingi hukudai kila siku zilianzia kwenye kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, wala si agizo la kitabibu. Kama kawaida yako ni hatua 3,000, basi pima kushuka na kupanda kuanzia hapo. Mkanda uwe wa kulegea kiasi cha kupitisha kidole, na uhamishe mkono mara kwa mara, kwani chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikipungua hata mkanda unaobana huacha alama ya damu chini ya ngozi. Mkono wenye mpira wa dripu usivishwe saa.

Namba za saa zikibaki kwenye simu hazina faida kubwa. Mama mdogo hununua daftari la shule la kurasa 48 na kuandika mstari mmoja kila jioni. Mstari mmoja ninaoukumbuka ulisema hivi: «Siku ya 9. Joto 36.8. Mapigo nikiwa nimelala 94. Hatua 1,100. Nimepumzika mara mbili kati ya nyumbani na genge.» Kawaida yake ilikuwa mapigo 74. Tulimpigia muuguzi siku hiyohiyo, akaagiza kipimo cha picha kamili ya damu, na ikaonekana kwamba damu ilikuwa imepungua sana. Upungufu wa damu huulazimisha moyo kwenda mbio hata ukiwa umelala, na hilo ndilo badiliko ambalo saa hulionyesha vizuri kuliko mengine yote. Andika pia siku za kumeza prednisoloni au deksamethasoni, kwa sababu dawa hizo za steroidi huvuruga usingizi, na usiku mbaya usiposomwa pamoja nazo utaonekana tatizo jipya.

Kipimo cha oksijeni kwenye saa kitazame kwa tahadhari. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba hata vifaa vya hospitali vya kubana kidoleni vilikosa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Ukihema kwa shida nenda hospitali, hata kama saa inaonyesha asilimia 97.

Kuhusu mshauri wa afya anayekufuatilia kwa simu, mimi ningemkubali kwa masharti. Awe anafahamika na timu inayokutibu, na kazi yake iwe kukukumbusha dawa, kukupangia matembezi mafupi ya asubuhi kabla jua halijawa kali, na kukuuliza unavyolala na unavyokula. Mwenye mieloma, saratani ya damu inayodhoofisha mifupa, asipewe mazoezi ya kuinua vitu vizito kabla daktari hajasema mifupa iko salama. Mshauri anayekupunguzia dozi au kukuuzia unga wa mitishamba umwache mara moja, kwani hata tunda kama balungi hugombana na imatinibu, kidonge cha lukemia sugu, saratani ya chembe nyeupe. Muulize pia taarifa zako anaziweka wapi na nani anaziona. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuuliza. Usitume picha za majibu yako kwenye kundi la ukoo la WhatsApp.

Namba ya wodi iandikwe kwenye jalada la daftari, pamoja na namba ya dereva mnayemwamini usiku. Joto likifika nyuzi 38, usisubiri kupambazuke wala usimwandikie mshauri ujumbe. Piga wodini na useme kwa mpangilio huu: «Nina saratani ya damu, leo ni siku ya tisa tangu dripu, joto ni 38.2, nimeanza kutetemeka saa mbili usiku, niko njiani ninakuja.» Ukifika mapokezi rudia maneno hayohayo, na uombe usikae kwenye foleni pamoja na wanaokohoa.