Kabla hujakodi mtambo wa kufukia bomba la faiba kwenye ardhi korofi

Kila anayenipigia simu akitaka ushauri wa mtambo namuuliza swali moja: umechimba mashimo mangapi ya majaribio? Wengi hunyamaza. Wengine hujibu kwamba ardhi wameiona, ni udongo tu. Ulichokiona ni uso wake, ndugu yangu. Bomba lako, lile la plastiki litakalopitishiwa kebo ya faiba, linakwenda kulala mita moja chini, na huko hujafika.

Basi anza na sululu kabla ya mtambo. Chimba shimo kila ardhi inapobadilika rangi au mwinuko, na ushuke chini kidogo ya kina utakacholaza bomba. Kilichotoka kiweke pembeni, ukilowanishe, ukifinyange mkononi.

Vibali na ramani za mabomba na nyaya zilizotangulia, sina haja ya kukufundisha. Ila kumbuka kwamba kifaa cha kutafutia nyaya hakioni bomba la maji la plastiki ambalo halikuwekewa waya. Hapo fukua kwa mkono.

Mtambo wa mnyororo ndio watu wanaoukimbilia, na kwenye udongo wa kawaida ni mzuri kweli: mtaro mwembamba, ukingo ulionyooka, kazi inasonga. Kinachoamua ni meno. Yale yenye umbo la vikombe ni ya udongo laini. Yapeleke kwenye changarawe iliyoshikamana na kabla ya saa sita mchana yamebaki vigutu. Ardhi ngumu inataka meno ya ncha kama risasi, yenye kichwa cha kabaidi, nayo lazima yazunguke kwenye makazi yake. Lishike, lizungushe kwa vidole; likigoma litalika upande mmoja na kuwa butu. Njoo na ya akiba, sanduku zima. Mfinyanzi uliolowa ni balaa jingine: unaganda kwenye mnyororo, na utashinda unabandua tope kuliko kuchimba.

Mwamba mzima usio na mapengo unataka gurudumu la kukatia mwamba. Jembe la mtetemo, lile linalopasua ardhi huku likilaza bomba papo hapo, liache kwenye udongo laini usio na mawe. Lina kasi ya ajabu, lakini huoni linakopita, na jiwe moja lenye makali litakwangua bomba mita kadhaa bila wewe kujua. Kijiko chenye nyundo ya haidroliki ni kizito, ni polepole, na mtaro wake ni mpana kiasi kwamba kazi ya kufukia inaongezeka maradufu. Mimi bado nakipenda. Kijiko kinakuonyesha kilichopo.

Sasa niseme la mtambo wa kutoboa chini kwa chini, maana hapa ndipo nilipolia.

Tulikuwa na bonde la mto mkavu la kuvuka, kama mita 120 hivi. Tukachimba shimo la majaribio upande huu na upande ule, yote mawili mfinyanzi mtupu hadi mita mbili. Tukafurahi. Tukaleta mtambo wenye kichwa cha kutobolea udongo. Mita 40 za kwanza zilikwenda bila tabu, kisha vyuma vikaanza kulia, ngo, ngo, ngo, na kichwa kikakataa usukani: ukikielekeza kushoto kinateleza kwenda kulia. Mimi nikaona tatizo ni nguvu. Nikaagiza mtambo mkubwa zaidi, wenye mota ya kukatia mwamba.

Huo ndio ujinga wangu. Mwamba mzima unatulia, kichwa kinausaga. Mawe ya mviringo yaliyolegea hayasagiki; yanabiringika mbele ya kichwa, na ukishapita yanaporomoka nyuma yako. Bentonaiti, ile tope tunayoisukuma ili kushikilia tundu na kutoa vifusi, ikawa inapenya kati ya mawe na kutokeza juu kwenye mchanga wa mto, dimbwi la kijivu linalokua huku tunalitazama. Tulilazimisha hivyo hivyo. Wakati wa kurudi tukilivuta bomba ndani ya tundu, kichwa cha kupanulia tundu kikanasa katikati, hakiendi wala hakirudi. Tukakata bomba na kukifukua kwa kijiko, jambo ambalo tungelifanya tangu siku ya kwanza, kwa sababu mto ulikuwa mkavu!

Kijana mmoja aliyekuwa akichota mchanga pale, tulipomaliza kuhangaika, akatuambia kwa upole kwamba hapo chini mawe yamejaa kama vichwa vya watu. Siku zote alikuwepo. Hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo shimo la majaribio lichimbwe mahali palipo chini kabisa, maji yalipowahi kupita, hata kama panasumbua kufika. Ukikuta mawe yaliyolegea, chimba wazi. Ikiwa juu kuna barabara isiyokatika na umbali ni mfupi, fikiria kugongelea bomba la chuma lililo wazi mdomoni, lenye kipenyo kikubwa kuliko mawe yenyewe. Mawe yataingia ndani, utayatoa baadaye.

Ukitoboa kwenye ardhi inayokubali, panua tundu hadi mara moja na nusu ya kipenyo cha bomba, na kati ya kichwa na bomba weka kiungo kinachozunguka, la sivyo bomba litasokotwa kama kamba. Bomba lenyewe liwe na ukuta mnene. Ukishalivuta usilikate siku hiyo hiyo: plastiki imevutika, iache ilale usiku mmoja irudi kwenye urefu wake.

Kwenye mtaro wa mawe, tandika mchanga au udongo uliochekechwa, sentimita 10 chini ya bomba na nyingine juu yake. Bomba likilala kwenye mawe linapinda-pinda kama nyoka, na siku ya kupuliza kebo, yaani kuisukuma ndani kwa hewa, kompresa itanguruma huku kebo imesimama. Kabla ya hapo pitisha kipimo chenye kipenyo cha karibu asilimia 80 ya uwazi wa ndani. Kikikwama, fukua.

Mengine unayajua. Mipira ya haidroliki ya akiba. Mtu asishuke kwenye mtaro unaomfika kifuani bila kuta kuegemezwa, hata kwa dakika moja ya kuokota koleo. Usipokee mtambo kwa picha, nenda kauone ukifanya kazi. Angalia mawingu. Na kila jioni ziba midomo ya bomba, maana nimeshatoa vyura humo, na tope lililokauka ni gumu kutoa kuliko vyura.