Namna ya kufata maisha ya nyakulu wako mulimaji ndani ya makaratasi ya jamaa

Kama unatafuta nyakulu wako mwenye alikuwa analima kule Walungu ao Kabare, mu Kivu ya Kusini, usianze na jina yake. Mama mulimaji wa zamani hana karatasi mingi: kodi bwana njo alikuwa analipa, shamba iko ku jina ya bwana ao ya bashemeji. Tafuta batu ba pembeni yake, baba, bwana, bana, utamukuta kati yabo.

Anzia nyumbani, fungua ile sanduku ya zamani. Karte ya ubatizo ya bana bote hata bale balikufa, karatasi ya ndoa, karte ya MPR (chama ya Mobutu), foto (geuza nyuma, batu balikuwa banaandika pale). Kopia majina vile iko, usirekebishe. Na kumbuka Mobutu alikataza majina ya Kikristo 1972, sasa Francisca wa 1955 anaweza kuwa bila Francisca ku karatasi ya 1975 na ni mutu mumoja tu. Ku Bushi, inchi ya Bashi yenye iko na Walungu na Kabare, jina yenyewe inasaidia sana: M'Mushagalusha ni binti ya Mushagalusha, basi baba umesha mupata.

Kisha paruwasi, na hapa usiende mbio. Mapadri Weupe balifika Nyangezi 1906, na misioni zao zilikuwa zinaandika. Uliza paruwasi yenye ilimubatiza, hapana ile alikuwa anasali mwisho. Mu kitabu ya ubatizo soma mustari yake yote mupaka ku marje, juu sheria ya Kanisa inasema ndoa na kipaimara biandikwe pale pembeni, hata kama aliolewa paruwasi ingine. Batu banapiga foto ya jina na kukata marje, ni hasara kubwa, pale njo unaweza kujua aliolewa wapi na nani! Angalia pia mama wa ubatizo, mara mingi ni shangazi ao jirani.

Rudilia ivo kwa kila mutoto wake. Kijiji ikibadilika, jamaa ilihama. Kati ya bana babili mukiwa myaka mingi, uliza: kuna mutoto alikufa mbele ya kubatizwa, ao bwana alikuwa ameenda Kamituga ku zahabu?

Ukiona "vers 1932" (karibu 1932) ujue mutu alikisia. Uliza bazee kwa matukio: wakati Schramme, ule mamluki, alishika Bukavu 1967, alikuwa na mutoto gani ku mugongo? Wakati noti zilikatazwa mwisho wa 1979 alikuwa anauzisha nini?

Shamba je? Kama bwana yake alitoa kalinzi, ile malipo ya kupata shamba kwa chefu, kulikuwa bashahidi, tafuta bana babo. Bwasa, ile ya kukodi kwa musimu, bamama bengi balilima nayo na haikuacha karatasi, kwa hiyo enda ku soko ya Mugogo ukaulize bamama bazee nani alikuwa anabeba maharagi pamoja naye. Andika kila jibu na jina ya mwenye alikupa, juu bajomba babili bakikatalana utajua yupi aliishi naye nyumba moja.